Tao la Kanisa la Mawe

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba maji. Ulikuwa mjengo wa godauni kule Industrial Area, Nairobi, na mimi Nafula, msichana wa mtaa wa Jericho aliyemaliza shule bila mpango wowote, nilisimama langoni na wanaume waliokuwa wakitafuta kibarua. Msimamizi alipofika kwangu alinipa debe. "Wanawake ni maji," akasema, akaenda zake. Nilidhani ananidharau. Baadaye nilijua hakuwa amefikiria kiasi hicho.

Nyinyi vijana wa karakana mliniomba niandike kidogo kabla sijasahau. Sitaandika kuhusu vyeo. Sikuwa navyo vingi, na vile nilivyopewa vilikuja na koti tu, tena kubwa kuliko mimi. Nitaandika jinsi nilivyojifunza jiwe, na kazi moja ambayo hadi leo nikiikumbuka huwa naacha ninachofanya.

Asubuhi ile ya debe ndipo nilipomwona Mutiso. Hakuwa mzee wakati huo, lakini alikuwa na sura ya mtu aliyezaliwa akiwa mzee, kwa hiyo sote tulimwita Mzee. Alitoka upande wa Machakos, mwana wa mchonga vinyago, na aliacha mti akahamia kwenye jiwe kwa sababu, kama alivyosema, mti hubadilisha mawazo ukikauka. Nilimkuta amechuchumaa, anagonga jiwe kwa nyundo huku ameinamisha sikio.

"Unasikia?" aliniuliza bila kugeuka.

"Nasikia nyundo, Mzee."

"Wacha nyundo. Sikiliza jiwe."

Akagonga tena, kisha akagonga la pembeni. La kwanza lililia kama kikombe cha udongo. La pili lilitoa sauti nzito iliyokufa papo hapo, kama umegonga gunia.

"Hili lina ufa ndani," akasema. "Kwa macho huuoni. Ukiliweka chini ya mzigo, litakuaibisha siku ambayo wewe mwenyewe umesahau uliliweka. Sasa peleka maji, halafu urudi."

Nilirudi, na nikaendelea kurudi. Ilichukua muda mrefu kabla hajanipa tindo la kuchongea mkononi, na muda mrefu zaidi kabla wale wanaume wengine hawajaacha kuja kutazama kama nitajigonga kidole. Nilijigonga, sana. Mutiso alikuwa akisema kidole kilichogongwa hujifunza haraka kuliko kichwa. Alinifundisha kuchonga uso wa jiwe kwa kuanza pembeni na kwenda katikati, nisije nikavunja ukingo. Alinifundisha timazi, ambayo ni uzi na kipande cha chuma, na ambayo haijawahi kuishiwa betri. Alinifundisha pia kutomwamini mtu anayesema ukuta "uko sawa tu." Ukuta uko wima au hauko.

Tulijenga mengi pamoja, mimi na yeye: kuta za shule, ngazi za hospitali, uzio wa makaburi. Mawe ya mashine yalipoingia sokoni, yakiwa yamekatwa sawasawa kama mkate, kazi ya kuchonga kwa mkono ilipungua. Mutiso akastaafu akawa anakaa Kariokor kwa binti yake, akichonga miiko ya kupikia. Mimi nilibaki karakanani, nikikarabati vya zamani. Hivyo ndivyo nilivyoitwa kwenye Kanisa la Mawe.

Kanisa hilo liko upande wa Lucky Summer ukitokea Baba Dogo. Lina jina la mtakatifu, lakini wenyeji hawalitumii. Nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kuingia, kwa kuwa kutoka barabarani huoni kitu. Upande wake wa barabarani kulikuwa na safu ya vibanda vimeegeshwa ukutani, mtu anauza viazi, mwingine anarekebisha simu, na mwishoni saluni ya Mama Kevo. Juu ya mabati yao ulikuwa unaona tu ncha ya mnara mfupi, mweusi kwa moshi.

Padri Okoth, paroko wa pale, alinifungulia mlango mdogo wa pembeni. Niliingia nikiwa natafuta mahali pa kuweka begi langu, kisha nikasahau kwamba nina begi.

Sijui nitawaelezaje. Nje kulikuwa na jua na makelele ya Nairobi, na hatua moja ndani yote yalikatika. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba kila dirisha lilikuwa kama chumba kidogo. Kwa nje madirisha yalikuwa membamba kama mpasuko, lakini kwa ndani mawe yalichongwa kwenda mshazari, kwa hiyo mwanga uliingia mwembamba ukatoka mpana, ukalala sakafuni kama shuka lililoanikwa. Na mbele, kati ya ukumbi wa waumini na altare, lilisimama tao. Lilianza chini kwenye nguzo mbili nene na kupanda pande zote mbili hadi zikakutana juu kwenye ncha, kama mikono ya mtu anayesali. Hakukuwa na chuma ndani yake wala zege. Lilikuwa jiwe limeegemea jiwe. Nilikuwa nimefanya kazi ya mawe karibu maisha yangu yote, na nilihisi kama mtu anayejua kusoma lakini hajawahi kuona kitabu.

"Uliza unachotaka," Padri akasema. "Kila fundi akiingia hapa hunyamaza, halafu huuliza."

Nikamuuliza nani alilijenga. Akaniambia kwamba zamani za ukoloni alikuja padri mgeni kutoka kijiji cha milimani Ulaya, na kijijini kwao kulikuwa na kanisa la mawe la karne nyingi, lililojengwa kabla ya simenti na kabla ya ramani kuchorwa kwenye karatasi. Yule padri hakuwa msanifu. Alichojua ni kanisa lile tu, kwa hiyo alilijenga tena huku kutoka kichwani. Mawe yalitoka kwenye machimbo ambayo leo yako chini ya nyumba za watu. Wachongaji walikuwa vijana wa kutoka magharibi na wa kutoka Ukambani waliokuja mjini kutafuta kazi, na majina yao hayakuandikwa popote.

Padri Okoth alisoma huko Ulaya, na alikwenda kuliona lile kanisa la asili. "Niliingia nikadhani nimerudi nyumbani," akasema. "Tao ni lile lile. Hata baridi yake ni ile ile. Wazee wa pale waliniambia lilichukua vizazi vitatu. Aliyechimba msingi hakuona kuta zikiinuka, na aliyeinua kuta hakuona paa. Mnara ukaanguka wakati mmoja, wakaokota mawe yale yale wakaupandisha tena."

"Nani aliwaambia wasiache?"

"Nilimwuliza mzee mmoja swali hilo. Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini watu hupika kila siku."

Ndipo akanyoosha kidole juu. Jiwe la katikati, lile linalofunga tao pale kwenye ncha, lilikuwa limeteleza. Lilikuwa limeshuka likaning'inia chini ya wenzake kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mtu fulani alikuwa ameshajaribu kuziba nyufa kwa simenti, na simenti, kwa kuwa ni ngumu kuliko chokaa ya zamani, ilikuwa imevunja kingo za mawe pande zote mbili. Ibada zilikuwa zimehamishiwa kwenye hema uwanjani. Harusi moja ilifanyika humo mvua ikinyesha, na bibi harusi, nilivyoambiwa, alisimama ndani ya beseni.

Kamati ya kanisa ilikuwa imekwisha kuamua moyoni. Walitaka lote libomolewe, wajenge ukumbi wa zege wenye viti vya kutosha watu wote. Sikuwalaumu. Watu walikuwa wanasimama nje kila Jumapili, na tao lile lingeweza kumwua mtu. Padri aliwaomba kitu kimoja tu: injinia na fundi wa mawe waseme kama linaweza kuokolewa kabla ya mvua za masika. Wakikubaliana kwamba haiwezekani, yeye mwenyewe angetia sahihi ya kubomoa.

Injinia alikuwa Chebet, mwanamke mrefu wa maneno machache, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nilijiandaa kubishana naye. Sikupata nafasi, kwa sababu kitu cha kwanza alichofanya ni kukaa kwenye benchi na kulitazama tao asubuhi nzima, na mtu anayekaa hivyo mimi simbishii.

"Halijachoka," akasema mwishowe. "Limefunguka. Miguu yake imeachana. Swali ni nani aliisukuma."

Tukatoka kuzunguka. Upande wa kusini, nje, ukuta ulikuwa umeegemewa na nguzo nene za mawe, pana chini na nyembamba juu, kama watu wanaosukuma lori lililokwama. Moja yao ilisimama sawasawa na pale tao lilipo. Chebet akanieleza kwa mkono wake hewani: tao halisukumi chini tu, linasukuma pia kwenda pembeni, kila siku, na nguzo zile ndizo zinazolijibu. Nilikuwa nimejenga vitu vya kuegemea kwa miaka bila kujua nilikuwa najenga jibu. Namshukuru kwa hilo.

Upande wa kaskazini, ule wa barabarani, ndio uliokuwa na vibanda. Tulipita nyuma ya mabati tukipapasa ukuta, nguzo moja, nyingine, nyingine. Pale palipopaswa kuwa na ile ya kulijibu tao, palikuwa na saluni.

Mama Kevo alikuwa anasuka mtu. Aliniangalia viatu, kisha nyundo.

"Niaje, mama. Hiyo ni ya nywele gani?"

Nikamwomba tuondoe kioo chake kikubwa ukutani kwa dakika chache. Alisita, akamwambia mteja asigeuke, tukakiondoa. Plasta nyuma yake ilikuwa na uvimbe. Nikagonga, nikasikiliza, kisha nikabandua kipande. Ndani kulikuwa na mawe yaliyovunjwa vibaya, yenye meno, yakitokeza ukutani kama kisiki cha mti. Wakati wa kujenga vibanda, miaka mingi kabla ya Mama Kevo kufika, mtu aliona lile bonge la mawe linakula nafasi, akaliondoa. Hakuna kilichotokea siku hiyo. Ukuta uliendelea kusukumwa na hakuna aliyekuwa akiusukuma kurudi, kidogo kidogo, hadi jiwe la juu likapata upenyo.

Chebet aliweka kiganja chake kwenye kile kisiki. "Limesimama bila mguu wakati wote huo," akasema polepole.

Mama Kevo alielewa kabla hatujamwambia. "Kwa hivyo mkirudisha hiyo kitu, mimi natoka."

"Ndiyo," nikasema.

"Na msiporudisha?"

Chebet akamweleza bila kupunguza: ukuta ule ule uliobeba kioo chake ndio ungetangulia kulala, na ungelala upande wake. Mama Kevo alimaliza kusuka kwanza. Kisha akaenda kwa Padri, na sijui walisemezana nini, ila alitoka akiwa amepewa nafasi kwenye chumba cha zamani cha katekista, upande wa kusini, chenye mlango wa mbao na maji ya bomba. Hata hivyo alilalamika hadi mwisho kwamba wateja hawataona bango lake.

Tuliiambia kamati kwamba tao linaweza kuokolewa, kisha nikaenda Kariokor kumchukua Mutiso. Magoti yake yalikuwa mabaya na mikono ilikuwa inatetemeka, lakini tao linahitaji fremu ya mbao ya kulishikilia wakati wa kujenga, na sikumjua mwingine aliyewahi kutengeneza ya ukubwa ule. Alipoingia kanisani alivua kofia. Alilitazama tao muda mrefu, kisha akaketi chini pale pale mlangoni.

"Mzee, ni magoti?"

"Si magoti," akasema.

Tulianza na nguzo ya nje, kwa maana huwezi kumtibu mtu kichwa ilhali amesimama kwa mguu mmoja. Tulichimba hadi tukafikia msingi wa zamani, na ulikuwa mzima. Chokaa tuliizimisha wenyewe shimoni, ikichemka ndani ya maji kama uji, tukaiacha itulie kabla ya kuitumia. Vijana wa mjengo walinicheka. Walizoea simenti, inayokauka kesho. Chokaa haina haraka, na ukuta ukijongea, yenyewe hujongea nao kidogo bila kupasuka. Mkichukua neno moja tu kwangu, chukueni hilo.

Mutiso alikaa kwenye kiti akielekeza maseremala, boriti baada ya boriti, hadi fremu ikajaa ndani ya tao kama mguu kwenye kiatu. Chini ya miguu ya fremu aliweka kabari za mbao, mbilimbili, zikitazamana. "Hizi ndizo mlango," aliniambia. "Siku ya mwisho tutatokea hapa."

Kisha tukashusha mawe ya juu. Kila moja lilipewa namba na kulazwa sakafuni kwa mpangilio wake. Lile la kwanza tulipoligeuza, upande uliokuwa umefichwa ndani, nilimwita Padri.

Palikuwa na samaki. Amechongwa kwa mistari michache, safi, na mkono usio na wasiwasi. Kwenye jiwe la pili palikuwa na jembe. La tatu lilikuwa na kibuyu, kisha samaki tena, kisha alama ya mguu wa ndege. Kila mchongaji alikuwa ameacha alama yake upande ambao hakuna mtu angeuona tao likishasimama.

Padri alipiga magoti kati ya mawe yale. "Kule Ulaya pia ziko," akasema. "Walinionyesha ngazini mnarani. Nyota, mkasi, msalaba. Hawakujua kuandika, lakini kila mmoja alisema, hili ni langu."

"Nani aliwaambia hawa wa hapa?" Chebet akauliza.

Hakuna aliyejua. Labda yule padri mgeni aliwaambia, labda ni kitu ambacho mkono wa mchongaji hufanya wenyewe popote ulipo. Mutiso alimgusa samaki kwa kidole. "Huyu alikuwa anatumia mkono wa kushoto," akasema, na ghafla yule mtu alikuwepo nasi pale, amechuchumaa, anapuliza vumbi. Badala ya mawe yaliyovunjwa na simenti tulichonga mapya, nasi tukaweka alama zetu. Sitawaambia yangu ni ipi. Mkiitaka, libomoeni.

Mzee Mutiso alifariki mwaka uliofuata, kwa amani, kwa binti yake. Nalisema hapa mapema kwa sababu sitaki kumalizia na mazishi.

Tulirudisha mawe juu kutoka pande zote mbili kwa pamoja, ili uzito usizidi upande mmoja. Jiwe la kati liliingia la mwisho, kwa nyundo ya mbao, taratibu. Baada ya hapo tulisubiri chokaa ishike. Kamati ilikuja, ikatazama mbao, ikaondoka. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Ruai.

Asubuhi ya kuondoa fremu, Padri aliwatoa watu wote, akafunga mlango mkubwa. Desturi ya Mutiso ilikuwa kwamba aliyejenga tao ndiye anayelegeza kabari, akiwa chini yake. Nilichukua nyundo. Yeye akasogeza kiti chake hadi katikati kabisa.

"Injinia, nenda nje," akasema.

"Hesabu ni zangu, Mzee," Chebet akajibu. "Nitasimama hapa."

Padri naye hakutoka. Alisema ni nyumba yake.

Niligonga kabari ya kwanza, upande wa kulia, kisha ya kushoto. Fremu ilishuka upana wa unywele. Vumbi la chokaa lilidondoka begani kwangu. Niligonga tena. Juu yetu kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti, ikapita kutoka jiwe hadi jiwe hadi nguzoni. Nilisimamisha mkono.

"Endelea," Mutiso akasema. "Linajitafutia pa kukaa. Ni kama watu waliobanana mlangoni. Kila mmoja anataka kupita, kwa hiyo hapiti mtu."

Nikaendelea. Kabari zililegea moja baada ya nyingine hadi zile za mwisho nilizitoa kwa mkono. Kati ya mbao na mawe pakafunguka nafasi, nyembamba sana, na kupitia nafasi hiyo tukaona mwanga wa dirisha la altare. Mbao hazikuwa zinashika kitu tena. Mzigo wote ule ulikuwa juu ya vichwa vyetu, umejishika wenyewe.

Maseremala waliingia wakaivuta fremu nje, wakatoka. Tukabaki wanne. Mutiso aliinuka kitini kwa shida, na nilidhani anataka kwenda nyumbani. Badala yake alijishusha, magoti, kiwiko, bega, akalala chali sakafuni chini kabisa ya tao na mikono kifuani. Nilimtazama, kisha nikalala kando yake. Chebet alilala na kofia yake ya kazi. Padri akakunja kanzu, akalala. Kutoka pale chini mawe yalipanda pande zote mbili, makubwa, meusi, yakiinama yakitafutana, na mahali yalipokutana palionekana mbali sana, kama si kazi ya watu, ilhali tulijua ni ya watu, na tulijua alama zao. Baridi ya sakafu ilitupenya migongoni na hatukuinuka.

Mlango mdogo ulifunguka. Alikuwa Mama Kevo, na aproni yake ya saluni na kitana kichwani. Alikuwa amesubiri kusikia kishindo, na kimya kikamwogopesha zaidi. Akatuona wanne sakafuni, tumenyooka.

"Limewaua?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Bado," Mutiso akasema. "Njoo ulale hapa uone."

Alisimama kidogo akifikiria aproni yake. Kisha akaja akalala, kati yangu na Chebet, akatazama juu.

"Haki ya Mungu," akasema polepole. "Na mimi nilikuwa nimetundika kioo mgongoni mwa kitu hiki."